Uzi: Wewe ni mwanachama wa chama gani? Una uhakika?

Kila mjadala wa siasa hapa unaishia pale pale: "Vijana, jiandikisheni kama wapiga kura." Sawa, jiandikisheni. Lakini leo tuongee kuhusu orodha nyingine ambayo wengi wenu mnaobishana nami kila siku hamjawahi kuiangalia.

Orodha ya wapiga kura iko kwa IEBC. Orodha ya wanachama wa vyama iko kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya kwanza inakupa kura Agosti. Ya pili inahusu mchujo, yaani nani atapewa tiketi ya chama.

Mnakumbuka Juni 2021 Wakenya walipoanza kuangalia majina yao kwa eCitizen? Mimi niliingia nikiwacheka wenzangu. Nikajikuta mwanachama wa chama ambacho hata fulana yake sijawahi kuvaa. Jina langu, kitambulisho changu. Hakuna aliyeniuliza.

"Sasa shida iko wapi?" Shida iko Kifungu cha 85 cha Katiba. Ukitaka kuwania kama mgombea huru, usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa hivyo kijana anaweza kujipanga vizuri kuwania MCA wa wadi yake, kumbe kuna mtu alishamwandikisha mahali. Akigundua mwezi mmoja kabla ya kura, amechelewa.

Tuje kwa mchujo wenyewe. Sheria ya vyama, baada ya marekebisho ya 2022, inatambua aina mbili. Kuna ule ambao wanachama wote wanapiga kura, na hapo inatumika orodha iliyoidhinishwa na Msajili. Halafu kuna ule wa wajumbe: watu wachache wanaketi, wanaamua, mnapewa jina. Na tusidanganyane, kwenye ngome ya chama ukishapata tiketi umeshafika. Agosti ni kuapishwa tu.

2022 wapiga kura walikuwa milioni 22.1, na walio chini ya miaka 35 walikuwa karibu asilimia 40. IEBC yenyewe ilisema vijana walipungua kwa zaidi ya asilimia 5 wakilinganishwa na 2017. Hiyo tunaililia kila mwaka. Ya mchujo hakuna anayeililia.

Na msiniambie vijana hawajali. Juni 2024 walisoma Mswada wa Fedha kuliko baadhi ya waliouptisha, wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani. Lakini wengi wa wale wabunge walianzia wapi? Kwa tiketi ya chama.

Kwa hivyo ingia eCitizen leo, nenda kwa huduma za Msajili, angalia jina lako. Ukijikuta mahali hukutaka, sheria inakuruhusu kujiuzulu. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Usingoje.

Mimi nilijiondoa. Halafu, na hapa mtanicheka, nikajiunga na kingine kwa hiari yangu, nikaenda mkutano wa wadi. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Nina miaka 33, na mimi ndiye nilikuwa mdogo wao. Siku hiyo tulichagua wajumbe.