Kuongeza Mwili kwa Chakula, Si kwa Vidonge

Ndugu zetu wa Chula, Chovai, Koyama na pwani ya Kismayo,

Tunawatahadharisha na vidonge vya kunenepesha viuzwavyo bila cheti cha daktari. Baadhi huwa na deksamethasoni, dawa inayojaza maji mwilini na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Aliyeizoea asiiache ghafla, kwani ni hatari kwa uhai. Amwone daktari kwanza.

Uzito wa afya huja polepole. Tule mara tano kwa siku, kidogo kidogo: samaki, kunde, mayai, wali wa nazi, tende na maziwa, na uji tuutie kijiko cha mafuta ya simsim. Kutembea ufukweni na kunyanyua ndoo taratibu hujenga misuli.

Akondaye bila sababu, au akohoaye zaidi ya wiki mbili, aende hospitali. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki milimita 115 apelekwe siku hiyo hiyo.

Ajuaye vinakouzwa vidonge hivyo atuarifu. Siri yake tutaitunza.