Kilobaiti 16 Zinazostahili Kupimwa

Funksheni moja ya programu ikiita nyingine, na hiyo nayo ikaita ya tatu, lazima pawepo mahali pa kuandika kila moja imeitwa kutoka wapi na ilikuwa imeshika nini, ili kazi ikiisha prosesa ijue pa kurudi. Mahali hapo panaitwa staki. Katika Linux, programu ya kawaida huruhusiwa staki inayokua hadi megabaiti 8. Lakini kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachogawa kumbukumbu, kusoma diski na kupeleka data mtandaoni, hujibana ndani ya kilobaiti 16 tu kwa kila uzi wa kazi katika kompyuta za x86 za biti 64. Ni tofauti ya mara 512, na sababu yake ni ya msingi. Staki ya programu ikiishiwa nafasi, kerneli huitafutia ukurasa mwingine wa kumbukumbu. Kerneli yenyewe haina wa kumkimbilia, kwa kuwa hata kazi ya kutafuta ukurasa inahitaji staki. Ndiyo maana ukubwa hupangwa uzi unapozaliwa na haubadiliki tena. Katika hali hiyo, nashikilia kwamba kupima nafasi iliyotumika, mfumo ukiwa kazini, ni sehemu ya ujenzi wa kerneli, wala haipaswi kusubiri ajali itokee.

Yaliyotokea mwaka 2014 yanaonyesha kwa nini. Wakati huo staki ilikuwa kilobaiti 8. Mhandisi Minchan Kim alikuwa akiijaribu kerneli toleo la 3.14 ndani ya mashine pepe iliyobanwa kumbukumbu kwa makusudi, nayo ikawa inaanguka bila mpangilio. Uzi uliomba kumbukumbu. Ya bure haikuwepo. Kerneli ikaanza kuhamishia kurasa kwenye diski. Safari ya kwenda diski ikapita tabaka baada ya tabaka. Na mwishoni dereva wa diski pepe naye akaomba kumbukumbu. Ukizisoma funksheni za msururu huo moja moja, huoni iliyojitwalia nafasi kupita kiasi. Zilijaza staki kwa pamoja. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alikubali staki iongezwe maradufu, na badiliko hilo likaingia katika toleo la 3.15 mwaka huohuo.

Njia kuu za kupima ni mbili. Ya kwanza hufanya kazi kama alama ambayo mafuriko huacha ukutani: staki hujazwa sifuri uzi unapoanza, na uzi unapomalizika kerneli huhesabu, kutoka upande wa mwisho wa staki, ni baiti ngapi bado ni sifuri. Kiasi kilichobaki kikiwa kidogo kuliko vyote vilivyowahi kuonekana, taarifa huandikwa. Ni njia nyepesi, lakini haisemi ni nani aliyefika kina hicho. Ya pili hukagua kina kila funksheni inapoingiwa, na rekodi ikivunjwa huhifadhi orodha nzima ya miito pamoja na baiti za kila mmoja. Hii hupunguza kasi ya mfumo, kwa hiyo haifai kuachwa ikiwa imewashwa kwenye kila seva. Kwenye mashine za majaribio, gharama hiyo ni halali kabisa.

Wapo wanaosema kumbukumbu siku hizi ni rahisi, basi staki iongezwe tena na mjadala uishe. Hesabu inawapinga: seva yenye nyuzi 10,000 hutumia takriban megabaiti 160 kwa staki za kerneli pekee, na ukizipandisha hadi kilobaiti 64 kila moja, unatenga zaidi ya megabaiti 600 ambazo sehemu kubwa yake huenda isiguswe kamwe. Wengine hutegemea kompaila, ambayo kweli hutoa onyo funksheni moja ikidai zaidi ya baiti 2,048 katika kerneli ya biti 64. Onyo hilo ni la lazima, lakini linatazama funksheni moja, na kisa cha 2014 kilikuwa cha msururu. Mfumo wa mafaili hauwezi kujua, wakati msimbo unatafsiriwa, utaketi juu ya dereva gani.

Hoja nzito zaidi inahusu ukurasa wa ulinzi. Zamani staki ikifurika iliharibu kimyakimya data iliyo jirani, na mwaka 2016 mtafiti Jann Horn alionyesha jinsi furiko la aina hiyo, kupitia mfumo wa mafaili wa eCryptfs, lingeweza kumpa mvamizi mamlaka kamili. Mwishoni mwa mwaka huo toleo la 4.9 lilileta, kwa kazi ya Andy Lutomirski, staki zilizozungukwa na kurasa zisizoandikika. Ni hatua kubwa ya usalama. Hata hivyo ukurasa huo hujulisha pale tu mpaka unapovukwa, na wakati huo kazi iliyokuwa ikiendelea imeshapotea. Kipimo huonyesha kwamba zimebaki baiti 900 wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Ni kweli kwamba kipimo huona njia zilizopitwa tu. Hilo linadai majaribio makali zaidi: kumbukumbu ibanwe, mifumo ya mafaili ipandishwe juu ya mingine, data ipelekwe diski na mtandaoni kwa wakati mmoja. Na faida yake haiishii kwenye usalama. Mwaka 2024 mhandisi Pasha Tatashin alipendekeza staki za kerneli zinazoanza ndogo na kuongezewa kurasa pale tu inapohitajika, kwa msingi kwamba nyuzi nyingi hazikaribii kabisa kilobaiti 16. Pendekezo la aina hiyo halijadiliki bila takwimu za matumizi halisi, kwa sababu swali la kwanza ambalo kila mkaguzi wa msimbo atauliza ni nyuzi zipi huvuka kiwango kile kidogo, na ni msururu gani wa miito uliozifikisha huko.