Usimbaji Fiche na Mtumiaji wa Kawaida

Usimbaji fiche hugeuza ujumbe kuwa mkorogo wa herufi na tarakimu usiosomeka bila ufunguo. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP ili raia wa kawaida waweze kulinda barua pepe zao. Kila mtumiaji ana funguo mbili: wa umma, anaowagawia wanaotaka kumwandikia, na wa siri, anaoutumia kufungua anachotumiwa.

Hesabu za PGP ni imara. Ugumu uko kwenye matumizi. Mwaka 1999 watafiti Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu 12 walipewa dakika 90 kutia saini na kusimba ujumbe kwa PGP 5.0. Theluthi moja tu walifaulu. Saba walitumia ufunguo wao wenyewe wa umma badala ya ule wa wapokeaji, na watatu waliutuma ujumbe wa siri ukiwa wazi.

Mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha usimbaji unaojiendesha wenyewe, na mzigo wa funguo ukamwondokea mtumiaji. Hata hivyo, kinachofichwa ni maneno, si mtu. Akaunti hufungamana na namba ya simu, na nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole. WhatsApp inaweza pia kujua nani aliwasiliana na nani na lini. Nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa mtandaoni nazo huhitaji kinga ya ziada, ambayo mtumiaji anapaswa kuiwasha mwenyewe katika mipangilio.