Samaki-Simba: Mrembo Mwenye Sumu

Kila mama wa nyumbani wa Kyebando, mjini Kampala, anamfahamu mputa, yaani sangara. Samaki huyo alipandwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Aliustawisha uchumi, lakini aliwala nkejje hata aina zao nyingi zikatoweka. Msiba wa namna hiyo sasa umeifikia bahari, na anayeuleta ni samaki-simba.

Kumtambua si vigumu. Mwili wake una milia myekundu au ya kahawia na myeupe. Mapezi ya ubavuni hutanuka kama mbawa za kuku alindaye vifaranga. Ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 2 tumboni na 3 nyuma ya tumbo.

Katika miamba ya Mombasa na Unguja samaki huyu ni mwenyeji, wala haleti maafa. Maafa yalianza alipovushwa. Mwaka 1985 alionekana Florida, nchini Marekani, na inaaminika kwamba alitupwa baharini na wafugaji wa samaki wa mapambo. Kutoka huko ameenea Karibea nzima. Aidha, kwa kupitia Mfereji wa Suez, ameingia Bahari ya Kati, na tangu mwaka 2012 ameongezeka upesi huko. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008 huko Bahamas yalionyesha kuwa alipowekwa mwambani, ongezeko la samaki wachanga lilipungua kwa asilimia 79 katika majuma matano tu.

Nyama yake hailewi sumu, nayo ni tamu. Miiba hukatwa kwanza kwa mkasi. Aliyechomwa aloweke jeraha kwa dakika 30 hadi 90 katika maji ya moto anayoweza kuyastahimili, yaliyojaribiwa kwanza kwa mkono mzima, kwani joto huivunja sumu. Kisha apelekwe hospitali. Akipumua kwa shida, asicheleweshwe hata kidogo.

Samaki-simba hawezi kuishi katika maji baridi ya Uganda. Hata hivyo, samaki wengine wa mapambo wanaweza. Basi, mwenye kuwafuga katika chombo cha kioo, akichoshwa nao, asiwamwage katika mfereji wa Nsooba, ambao maji yake huishia katika kinamasi cha Lubigi. Ampe jirani anayewapenda. Samaki akishaachiliwa majini, hakuna awezaye kumwita arudi.