Kila Kiungo Kinangojea Kingine



Tunaijua Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa hapa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege pamoja na CEPAC. Mama aliyebakwa anapata huko huduma nne: matibabu, faraja ya moyo, msaada wa sheria, na njia ya kuanza maisha tena. Kila moja inategemea nyingine. Avoka anasimama dhaifu mbele ya hakimu kama hana karatasi ya daktari. Jeraha likipona na mama hana pa kulala, bado hajapona. Ndiyo maana huduma zimeunganishwa, asizunguke mlango kwa mlango akirudia kilio kile kile.

Na sisi kanisani? Siku ya matanga mashemasi wanapanga, kwaya haina habari. Wamama wanataka kupika, vijana hawakutumwa maji. Wote wana bidii, lakini mfiwa ndiye anaumia.

Katika Nehemia 4 wajenzi walikuwa mbali mbali ukutani. Sauti ya tarumbeta iliwakusanya. Basi viongozi wa idara tukae pamoja juma hili, kila mmoja ajiulize: nani anangojea kazi yangu?