Mchoro wa Dalí na riwaya za Kezilahabi: ndoto mbili zisizofanana

Kipo kisa kimoja cha hapa London ambacho sisi tuliokimbia makwetu hatuchoki kukisimulia. Mwezi Julai 1938 mchoraji wa Kispania, Salvador Dalí, alikwenda kumzuru mzee Sigmund Freud, mkimbizi kutoka Vienna aliyewasili mwezi mmoja tu kabla, baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Dalí alichukua mchoro alioumaliza mwaka 1937, unaomhusu Narcissus, kijana wa hekaya za Kigiriki aliyeipenda sura yake majini hadi akageuka ua. Freud alikuwa akiwaona hawa wachoraji wa usurealisti, yaani sanaa ya mambo ya ndotoni, kuwa ni wapuuzi watupu. Siku ya pili yake alimwandikia rafiki yake kwamba kijana yule amemfanya afikiri upya.

Mchoro huo sasa ni mali ya jumba la sanaa la Tate. Si mkubwa, haufiki hata sentimita 80 kwa upana. Kushoto kijana ameinama majini. Kulia, kwa umbo lile lile, mkono wa jiwe umeshika yai lililopasuka na kuchipua ua. Kilichotushangaza si mwujiza huo bali usafi wa kazi yenyewe, maana jambo lisilowezekana limechorwa kwa makini kama picha ya kamera.

Riwaya nazo zina ujanja huo huo. Franz Kafka, katika kitabu chake cha mwaka 1915, anamgeuza Gregor Samsa mdudu tangu sentensi ya kwanza, kisha anamwacha ahangaike kwamba amekosa treni ya kwenda kazini! Na kwetu tunaye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Wasomaji walimzoea kwa Rosa Mistika (1971) na Gamba la Nyoka (1979), ambamo kijiji ni kijiji na mtu ni mtu. Zilipotoka Nagona (1990) na Mzingile (1991), wengi waliuliza hii ni riwaya gani. Maneno ni mepesi, lakini msomaji anapotea njia. Katika Mzingile mtu anatumwa kumpasha habari mzee mmoja kwamba mwanawe amefariki, na kila tunavyosonga mbele mzee huyo anazidi kufanana na Mungu.

Kwa maoni yetu, kufanana kunaishia hapo. Ndoto ya Dalí ni ya mtu mmoja anayejitazama mwenyewe, ndiyo maana akataka kuipeleka kwa daktari wa nafsi. Msafiri wa Kezilahabi hajitazami. Amebeba taarifa, naye anamtafuta anayepaswa kuipokea. Na maajabu anayoyapitia hayakuhitaji kuletwa kutoka Paris, kwani bibi zetu walitusimulia mazimwi na watu wanaogeuka nyoka, na wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakichonga mashetani yao, jicho hapa na mdomo kule, bila kumwuliza Freud.

Wapo waliosema Kezilahabi aliikimbia siasa akajificha ndotoni. Sisi pia tulisema hivyo zamani, tulipokuwa chumba cha habari na kuamini kwamba ukweli ni jina, tarehe na mahali. Kisha tukaandika habari yenye vyote vitatu, tukajibiwa kwamba jambo hilo halikutokea, wala mahali hapo hapapo. Waliotujibu walikuwa wamekaa vitini, wamevaa suti, wanakunywa chai.

Tulipoifungua tena Mzingile, katika chumba cha kupanga hapa London, hatukuona ndoto. Tulimwona mjumbe mwenye habari ya msiba, anakwenda kwa mtu ambaye huenda hataki kusikia. Nakala yetu wenyewe ilibaki nyumbani pamoja na vitabu vingine. Hii ni ya kuazima, na mwenyewe ameshaanza kuidai.