Ni nani anayelipia chujio?

Neno 'mchujo' limetokana na kitenzi 'chuja'. Kila apikaye chai anaijua maana yake: majani husalia kwenye chujio, chai ikashuka kikombeni. Mimi ni mwanaisimu, na sioni jina lifaalo zaidi kwa kura ambazo vyama vyetu huandaa ili kuwapata wagombea wao. Lakini mimi pia ni mzaliwa wa Isiolo, na kwa hiyo nauliza swali ambalo kamusi haiwezi kulijibu: ni nani anayelipia chujio?

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 iliagiza kwamba Hazina ya Vyama vya Kisiasa itengewe si chini ya asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya taifa. Baada ya marekebisho ya mwaka 2022, asilimia 70 ya fedha hizo hugawanywa kulingana na kura ambazo chama kilipata katika uchaguzi. Zilizobaki hutegemea wawakilishi waliochaguliwa, na asilimia 5 huendea usimamizi. Serikali imekuwa ikitoa pungufu ya kiwango hicho, hata vyama, chama cha ODM kikiwemo, vikaenda mahakamani kudai haki yao. Lakini hata kama senti zote zingetolewa, msomaji ataona kwamba hakuna asilimia hata moja inayotegemea mchujo. Chama kilichopigisha kura katika kila wadi na chama kilichogawa tikiti hotelini Nairobi hupimwa kwa mizani ile ile.

Kaunti ya Isiolo ina eneo la zaidi ya kilomita mraba 25,000 na, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, watu 268,002. Kupeleka masanduku ya kura kutoka mjini hadi Merti, Sericho, Oldonyiro na Kinna kwahitaji magari imara, mafuta, makarani na walinzi. Aghalabu gharama hiyo huwaangukia wawaniaji wenyewe, kupitia ada ambazo chama hujipangia. Kanuni za Uchaguzi za mwaka 2012 zilimtoza mgombea wa wadi shilingi 5,000 anapojiandikisha kwa Tume ya Uchaguzi; ada ya chama haina kikomo kama hicho. Tuseme mwalimu wa Garba Tulla ameacha chaki ili awanie uwakilishi wa wadi. Atalipa ada, atakodi gari, atawalisha maajenti, kisha asikie kwamba tikiti imetolewa moja kwa moja kwa mtu mwingine. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Katika siasa zetu, mkono mtupu haupewi hata fomu ya kujaza.

Mwaka 2017 wapigakura wa Isiolo walimchagua Mohamed Kuti kuwa gavana, naye alikuwa mgombea huru. Nionavyo mimi, hiyo ilikuwa ishara kwamba wananchi wanaweza kulikwepa chujio wasiloliamini.

Wapo watakaosema kwamba chama ni mali ya wanachama, na kwamba mlipa kodi hana sababu ya kugharimia mambo ya nyumba ya watu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mahali ambapo chama kimoja kina wafuasi tele, mshindi wa mchujo ndiye mshindi wa uchaguzi. Tuliyaona hayo mwaka 1988, KANU ilipotumia mlolongo: aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya waliopanga foleni alipita bila kupingwa. Kazi hiyo ilisimamiwa na maafisa wa utawala waliolipwa na umma. Fedha za umma zilitumika bila siri ya kura na bila msimamizi huru, na hilo ndilo kosa la kuepukwa.

Huko Marekani, jimbo la Texas liliwahi kuwabebesha wawaniaji gharama za mchujo, wengine wakitozwa hadi dola 8,900. Mwaka 1972, katika kesi ya Bullock v. Carter, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilibatilisha utaratibu huo, kwa kuwa ulimfungia mlango mwaniaji maskini na kumpunguzia mpigakura chaguo. Siku hizi jimbo hilo hugharimia mchujo, huku vyama vikiendelea kuuendesha.

Pendekezo langu ni hili. Bunge litenge sehemu ya Hazina hiyo kwa ajili ya kuvirejeshea vyama gharama za mchujo, wadi kwa wadi, kwa masharti matatu: kura iwe ya siri na ipigwe na wanachama walio kwenye sajili, stakabadhi zikaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na ada za wawaniaji zisizidi zile za Tume. Chama kisichopigisha kura kisirejeshewe kitu. Aidha, wadi pana kama Sericho na Cherab zikadiriwe zaidi ya Wabera na Bulla Pesa za mjini, maana safari zake ni ndefu.

Walimu wa Isiolo wamezoea kuona madarasa yao yakigeuzwa vituo vya kura. Wanafunzi wanaosomea humo wafundishwe kwamba Kifungu cha 38 cha Katiba kinampa kila raia aliyekomaa haki ya kuwania wadhifa wa umma. Kisha waachiwe nafasi ya kuuliza ni kwa nini haki hiyo imewekewa bei, na ni nani aliyeipanga.